Jogoo Azimie au Asizimie?

Mkono ulikuwa wa baridi, na ulikuwa umemshika shingoni.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Taa zimezimwa, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, Jogoo yuko kiti cha mbele kabisa, na vidole vya mtu asiyeonekana vimemkaa kooni. Mhariri ameniuliza mkono ule ni wa nani. Mke wangu ameniuliza. Muuza magazeti wa hapa kona ameniuliza. Wote nimewajibu, "Subirini, mtaona," kisha nikaenda zangu kusubiri pamoja nao, kwa sababu nilipouandika nilitaka tu mlale na hofu. Mwenye mkono nilikuwa bado sijampata.

Sasa nimempata.

"Tulia," sauti ikanong'ona nyuma ya sikio lake. "Napima mapigo."

Alikuwa mkewe.

Alikuwa amekaa kiti cha nyuma yake na sare zake nyeupe za uuguzi, ametoka zamu moja kwa moja. Mkono ulikuwa wa baridi kwa sababu alikuwa ametoka kunawa. Ndiyo siri yote. Mliolala na taa zinawaka kwa ajili ya mkono huo, poleni.

"Moyo unakwenda mbio," mkewe akasema.

"Lazima uende mbio! Umenikaba!"

"Sijakukaba, nimekugusa. Unahisi kizunguzungu?"

"Sihisi kitu."

"Ganzi miguuni?"

"Mama watoto, picha yenyewe haijaanza!"

"Ndiyo maana nauliza mapema," mkewe akajibu, na ule mkono ukabaki palepale shingoni.

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, mambo yako hivi. Jogoo ni mtangazaji wa redio, na kazi yake ni kuamsha mji. Watu wazima wenye saa ukutani hawatoki kitandani mpaka wamsikie akipaza sauti, "Amka, jirani, amka!" Ili awaamshe wengine alfajiri, yeye huamka saa ambayo hata mbwa wamejilaza. Ndiyo sababu mchana ukimweka penye giza na kiti laini, huna mtu tena.

Shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, ni mpiga video za harusi. Kijana huyo ametengeneza picha ya kutisha kwa kamera moja, ndoo mbili na jengo ambalo mwenye nalo hajalimaliza. Inaitwa Kamera Iliyookotwa. Eti mtu mmoja aliingia ndani ya jengo hilo na kamera yake, hakutoka, kamera ikaokotwa, na hicho unachokitazama ndicho kilichokutwa ndani yake. Mwenye kamera hajaonekana mpaka leo.

Anaonekana sana. Ni fundi wa kuchomelea mageti, rafiki wa Shemeji, naye ameambiwa ajifungie chumbani mpaka watu wachoke kuitazama picha.

Sasa, Shemeji alimwita Jogoo aitazame kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamkalisha kwenye sofa, akafunga mapazia, akawasha. Fundi hajamaliza hata ujia wa kwanza, Jogoo akalala. Si kusinzia, ndugu msomaji. Alilala fofofo, kichwa nyuma, mdomo wazi. Alipozinduka alikuwa amelowa shati zima, na Shemeji amesimama juu yake na jagi tupu, analia kwa furaha.

"Shemeji, umezimia! Picha yangu imekuzimisha!"

Wewe ungesema nini? Ungemwambia kijana wa watu kwamba kazi aliyoihangaikia mwaka mzima imekulaza kama mtoto mchanga? Na ungemwambia nani kwamba anayeamsha mji analala mchana kweupe? Jogoo alijipangusa maji usoni, akasema, "Hata sijui kimenipata nini."

Hayo tu. Mengine waliyaongeza watu. Kesho yake akaulizwa hewani, akatia chumvi kidogo. Kesho kutwa akatia zaidi. Wiki haijaisha alikuwa ameshaona mwanga mweupe na kusikia anaitwa jina lake.

Mabango yakabandikwa kila ukuta: JOGOO ALIZIMIA. WEWE JE?

Na hapo ndipo bosi wake alipomwita ofisini. Bosi ni mama mmoja asiyecheka na mtu, hata na wafadhili wa vipindi. Alimwambia, "Mtu wa kuzimiazimia siwezi kumwachia studio alfajiri peke yake. Ukianguka, nani atasoma habari? Kiti? Nakuja tuitazame wote hiyo picha. Ukizimia mbele yangu, kipindi anachukua Kinanda."

Kinanda ni mtangazaji wa mchana. Ana sauti laini mno, na amekitamani kipindi cha alfajiri tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo akizimia, kibarua kinaota majani. Asipozimia, picha ya Shemeji inakufa siku ya uzinduzi. Na akisema ukweli, anapoteza vyote viwili na heshima juu yake. Mwenyewe alikuwa amejifunga kamba hiyo, tena kwa mafundo ya maana.

Sasa ukumbini bosi alikuwa kiti cha kulia kwake, ameshika pochi mapajani kwa mikono miwili. Skrini ikawaka.

Picha ikaanza na kiatu.

Kiatu kilitembea. Kikasimama. Kikatembea tena. Halafu ikaja dari, halafu sakafu, halafu kiatu cha pili. Pumzi nzito ikajaa ukumbini, hhhh, hhhh, ya mtu mwenye mafua.

"Mwambieni mpiga picha akae chini, kichwa kinaniuma," mtu akasema katikati ya ukumbi.

"Shhh! Ndiyo inavyotakiwa. Kamera imeokotwa."

"Aliyeiokota angeirudisha."

Mzee mmoja aliyevaa koti zito alimgeukia kijana wa pembeni, akamuuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, picha itaanza saa ngapi?"

"Imeshaanza, baba."

"Ahaa," mzee akasema, akaendelea kusubiri.

Jogoo alikodoa macho. Alikuwa amekunywa kahawa nyeusi vikombe sijui vingapi. Lakini ukumbi ulikuwa na joto, kiti kilikuwa laini, na hakuna kitu duniani kinachobembeleza kama pumzi za mtu asiye na haraka. Hhhh, hhhh. Kope zikaanza kuwa nzito.

Akajifinya paja. Zikafunguka. Zikashuka tena.

Mwisho wa safu hiyohiyo ya mbele binti mmoja akamkanyaga mwenzake mguu. "Mtazame Jogoo! Mtazame macho!"

"Yanafanya nini?"

"Yanageuka!"

Neno likapita kiti kwa kiti. Watu wakaiacha skrini. Waliokuwa ngazini wakainuka, waliokuwa nyuma wakapanda juu ya viti, na ukumbi mzima ukawa unatazama kisogo cha mtu mmoja anayepigana na usingizi.

"Anaondoka jamani! Kichwa kimelegea!"

"Amekirudisha!"

"Kimelegea tena! Mama yangu, kuna nini kwenye hiyo skrini ambacho sisi hatukioni?"

Na kwa mara ya kwanza watu wakaanza kuogopa. Kwenye skrini kulikuwa na ukuta, ukuta mtupu usiopakwa hata rangi, lakini kila aliyeutazama baada ya kukitazama kichwa cha Jogoo aliona kitu. Mmoja akaona uso. Mwingine akaona mkono. Kijana aliyekuwa akicheka tangu mwanzo akaingiza miguu yake chini ya sketi ya dada yake.

Bosi alikuwa hatazami skrini hata kidogo. Alimtazama Jogoo kwa jicho la pembeni.

"Uko sawa?" akauliza.

"Niko sawa, mama. Natafakari."

"Tafakari macho yakiwa wazi."

Mlangoni, Shemeji alikuwa amesimama na machela aliyoiazima, anasugua mikono. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Dakika chache zaidi, Jogoo angeanguka, watu wangepiga kelele, na kesho foleni ingezunguka jengo.

Ndipo fundi, ndani ya picha, alipofanya kosa la kuigeuza kamera usoni pake.

Lilikuwa tukio ambalo Shemeji alilitegemea kuliko yote. Uso umejaa jasho, macho yametoka, sauti inatetemeka: "Ukiikuta kamera hii, waambie nyumbani sitarudi."

"HUYO!"

Mwanamke mmoja mnene alikuwa amesimama safu ya nne, kidole kimenyooka kwenye skrini.

"Huyo hapo! Fundi wangu wa geti!"

"Mama, kaa chini, huyo amekufa," mtu akamwambia.

"Amekufa lini? Jumatano nimemwona dirishani anakula, akafunga pazia! Geti langu liko kwake tangu masika, nyumba yangu naifunga kwa meza! Nikienda naambiwa amepotea!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Ndani ya picha fundi akalia, "Sitarudi tena!" na mwanamke akamjibu kwa sauti iliyomzidi, "Utarudi! Tena na bawaba zake!"

Hapo picha ikafa. Nawaambia kana kwamba nilikuwepo. Hofu yote iliyokuwa imejikusanya ikatoka mlangoni. Watu wakaanza kushauri. Kwa nini haitupi hiyo kamera akakimbia? Kwa nini anaingia kila chumba chenye giza na anaacha chenye mwanga? Kijana mmoja akataka kujua betri ya kamera hiyo inauzwa wapi, maana ya simu yake haimalizi asubuhi. Ndoo ikabingirika kwenye skrini kwa mlio wa kutisha na mtu akasema, "Ndoo hiyo ina mfuniko wake nyumbani kwetu."

Mzee wa koti alikuwa bado anasubiri.

Shemeji akaiacha machela. Alikuja anatambaa kwa magoti mbele ya safu ya kwanza, kivuli chake kimepita chini ya skrini, na hata hicho kikachekwa. Alipomfikia Jogoo alikuwa na machozi, na safari hii hayakuwa ya furaha.

"Shemeji, zimia."

"Nini?"

"Zimia sasa hivi. Ukumbi unaniponyoka. Zimia kama siku ile, nakuomba."

"Siwezi. Bosi huyu hapa."

"Nimeacha harusi za watu kwa ajili ya picha hii. Kila ninayekutana naye ananicheka, ananiita mwehu. Wewe peke yako ndiye uliyeiogopa kwa dhati. Wewe tu, Shemeji."

Maneno hayo yalimchoma Jogoo kuliko kahawa yote aliyokuwa amekunywa. Aliona aibu. Aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani angekuwa mtu mwingine, hata Kinanda.

Mkono wa shingoni ukakaza.

"Unamwambia mgonjwa azimie?" mkewe akamkemea mdogo wake. "Una akili wewe? Rudi kwenye machela yako!"

Shemeji akarudi, anatambaa vilevile, na watu wakampigia makofi.

"Mke wangu," Jogoo akanong'ona bila kugeuka, vicheko vikimziba bosi masikio.

"Unahisi vibaya?"

"Nahisi vibaya sana."

"Wapi?"

"Siku ile sikuzimia."

Mkono haukuondoka.

"Nililala," Jogoo akasema. "Nilikuwa nimechoka, pakawa na giza, nikalala. Alinimwagia maji akidhani nimezimia. Nikashindwa kumwambia. Halafu nikashindwa kukwambia wewe."

Ndani ya picha fundi alikuwa anapumua. Nyuma ya Jogoo, mkewe hapumui.

"Ulilala," mkewe akasema mwishowe, polepole.

"Nililala."

"Nimekupima damu. Nimekupima moyo. Nimeomba daktari bingwa akuone kabla ya watu wenye miadi. Usiku ukigeuka kitandani naamka nikusikilize kama unapumua. Nimelia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, nikimwambia mwenzangu kwamba nitabaki mjane na watoto wadogo." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Na wewe ulikuwa umelala?"

"Nisamehe."

"Unajua nimeishi vipi wiki hizi?"

Hapa, msomaji, ningependa kukuambia kwamba Jogoo alimjibu maneno mazuri ya mume aliyejuta. Nilikuwa hata nimeanza kuyaandika. Lakini mtu aliyebeba uongo wiki kadhaa, siku akiutua, mwili wote unalegea. Moyo ukatulia. Mabega yakashuka. Mzigo ulipoondoka usingizi ulipata nafasi ya kukaa, na ukakaa.

"Nakuuliza wewe," mkewe akasema.

Akajibiwa na mkoromo.

Wauguzi wana vidole maalumu. Wamezoea kumwamsha mtu aliyetoka kupasuliwa, wanajua nyama ya wapi ina uchungu. Mkewe aliuteremsha mkono kutoka shingoni, akaupitisha chini ya kwapa, akaipata ile nyama laini ya ndani, akaifinya na kuizungusha kwa hasira ya wiki zote hizo.

"AAAAAAAIIIIIII!"

Kumbukeni hiyo ni sauti inayoamsha mji mzima. Na safari hii haikuwa na redio wala ukuta katikati.

Ukumbi ulipiga kelele pamoja naye. Viti vikaanguka. Waliokuwa ngazini waliteremka bila kuzigusa ngazi zenyewe. Yule kijana wa betri akamkumbatia mtu ambaye hawajawahi kusalimiana. Mzee wa koti, ambaye sasa aliamini picha imeanza, alijikuta amekaa mapajani kwa mama wa geti, na mama wa geti amemshika kwa mikono yote miwili, hataki aende.

"Taa! Washeni taa!"

Taa zikawaka. Watu wakatazamana wakitweta, wanajipapasa, kila mmoja anamsingizia mwenzake kelele. Jogoo alikuwa amesimama, ameshika kwapa, macho yamemtoka. Alikuwa macho kabisa. Hajawahi kuwa macho namna ile maishani mwake.

"Nimeshinda," akawaza. "Sikuzimia. Kipindi ni changu." Akamgeukia bosi wake ili amwonyeshe jinsi alivyo mzima.

Kiti kilikuwa kitupu.

Pochi ilikuwa sakafuni, imefunguka. Na pembeni ya pochi alikuwa amelala bosi wa redio, chali, kiatu kimoja mguuni, kingine kimeruka safu ya pili.

Mke wa Jogoo alikuwa ameshauruka mgongo wa kiti. Akapiga magoti, akashika mkono wa bosi, akamfunua kope, akainua miguu yake na kuiweka juu ya kiti.

"Amelala?" Jogoo akauliza kwa matumaini.

"Huyu," mkewe akasema, na akalitamka kila neno kwa ajili yake, "amezimia. Tazama vizuri, ili siku nyingine ujue. Aliyezimia hakoromi."

Jogoo akainama. Uso wa bosi ulikuwa umepauka. Halafu midomo ikacheza, jicho moja likafunguka, likazunguka, likamwona Jogoo, likaziona safu za watu waliokuwa wakisogea. Alikuwa ameelewa yaliyompata. Akamvuta Jogoo tai mpaka pua zikakaribiana.

"Jogoo," akanong'ona. "Usimwambie mtu."

"Mama?"

"Sema nililala."

Jogoo alidhani bado yuko usingizini anaota.

"Mkurugenzi akisikia nazimia kwa sinema," bosi akasema haraka haraka, "ataniuliza nani ataachiwa kituo. Ni maneno yangu mwenyewe juu yako, nimemwandikia, nimeyagonga muhuri. Sema nilikuwa nimechoka, nikalala. Kulala si ugonjwa."

"NANI? NANI AMEZIMIA?"

Shemeji alikuwa anakuja anaruka viti, maikrofoni mkononi, waya unamfuata, uso unawaka kama wa mtu aliyeambiwa amepata mtoto. Hakumwona bosi, ambaye alikuwa amefunikwa na viti na sare nyeupe za dada yake. Alimwona Jogoo tu, amepiga magoti, shati limechomoka.

"Ni Shemeji! Amezimia tena na ameamka mwenyewe! Jamani mpigieni makofi! Shemeji, waambie watu ulichokiona!"

Makofi yakajaa ukumbini. Maikrofoni ikawekwa mkononi mwa Jogoo.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa bado ameishika mikono ya bosi, na macho yake yalikuwa mekundu, na Jogoo akaona jinsi sura yake ilivyokonda wiki hizi bila yeye kuuliza kwa nini. Alimpenda sana mwanamke yule. Alijisikia mchafu.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti ilitoka kavu. "Siku ile sikuzimia. Nililala."

Makofi yakakoma.

"Nilikuwa nimechoka, nikalala kwenye sofa na mdomo wazi. Mwanga mweupe sikuuona. Niliouona ni mwanga wa dirisha, pazia lilipofunguliwa. Shemeji, picha yako sikuiogopa kwa sababu sikuiona. Nisamehe. Na mke wangu anisamehe, nimemliza bure."

Shemeji alirudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kiti chochote kilichokuwepo. Ilikuwa afadhali angemtukana.

"Alilala?" mtu akauliza. "Huyu wa Amka Jirani?"

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia kuta. "Amka, jirani!" wakaimba. "Amka wewe kwanza!" Jogoo alisimama katikati ya kicheko hicho, na cha ajabu alitaka kucheka na yeye, maana kweli ilichekesha, ila kwapa lilimuuma.

Ndipo bosi, kwa hasira, akasahau kwamba yuko sakafuni. Alisimama wima na kiatu kimoja.

"Kumbe ulilala!" akafoka. "Mtangazaji wangu wa alfajiri ni mtu wa kulala! Nimetangaza uongo kwenye redio yangu! Kesho usije! Kipindi nampa Kinanda!"

"Mama, kaa chini tafadhali," mkewe Jogoo akasema kwa upole wa kazini, mkono tayari uko mgongoni mwa bosi. "Ukisimama ghafla hivyo utazimia tena."

Kicheko kikakatika.

"Tena?" ukumbi mzima ukauliza.

Bosi akakaa. Shemeji, kule kwenye kiti chake, akainua kichwa polepole. Akamtazama bosi, akakitazama kiatu cha safu ya pili, akamtazama dada yake.

"Nilipitiwa na usingizi kidogo," bosi akasema. "Nimefanya kazi sana wiki hii." Kisha, midomo haichezi, sauti inatoka pembeni ya meno kwa ajili ya Jogoo peke yake: "Kipindi ni chako. Maisha. Sema tu."

Mkewe alisikia. Aliuachia mgongo wa bosi, akasimama pembeni na mikono mitupu, akimtazama mumewe.

Shemeji akaja. Safari hii hakuruka viti, alitembea taratibu, mpaka akasimama mbele ya Jogoo. Hakuichukua maikrofoni. Aliishika tu kwa chini, pamoja na mkono wa Jogoo, akaipandisha mpaka kati ya vinywa vyao.

"Shemeji," akasema, na maikrofoni ikakipeleka kila kitu mpaka ngazi za mwisho, "wewe ulikuwa kiti cha pembeni yake. Nataka kujua jambo moja tu, halafu nirudi kwenye harusi za watu au nisirudi. Mama huyu amelala, au amezimia?"